Ya Chuma au ya Plastiki

Shambani, 3 Oktoba

Galen,

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu nimeichomoa ukutani. Kila ikilia Merle anadhani kituo cha sherifu kinamwita. Anavaa buti, anaanza kutafuta funguo za gari la kaunti ambalo alilirudisha siku alipostaafu, nami nabaki nimemshika koti mlangoni. Kwa hiyo nakuandikia, na Opal atakufikishia akimaliza mzunguko wake wa posta.

Nataka kununua bastola. Nimesoma tangazo lako lililokuja ndani ya gazeti, na kati ya zote nimebakiza mbili, zote za nusu otomatiki, zote za ukubwa kamili. Ya kwanza ni ile ya chuma kitupu, inayofanana na ile aliyoivaa Merle miaka yote ya usherifu. Ya pili ni ile mpya yenye mwili wa plastiki, ambayo umeandika kwamba springi yake ni laini.

Sababu nitakueleza. Mwezi wa Mei Rolf, mpwa wake Merle, alikuja na pikapu akachukua bunduki zote za nyumba hii, kwa ushauri wa daktari. Sikumlaumu. Ila tangu siku hiyo Merle hana raha. Anapapasa nyonga yake ya kulia kama mtu aliyepotewa na mkono. Anafungua makabati, anamwaga droo, ananiuliza mimi ni nani na nimeiweka wapi. Juzi alilia. Hujawahi kumwona Merle akilia, na mimi sikuwahi.

Nieleze basi tofauti ya hizo mbili kama mtu anayemweleza mjinga. Nieleze hasa ipi inakokiwa kwa urahisi na mtu mwenye baridi yabisi vidoleni. Siku hizi hata kifuniko cha chupa ya matango kinanishinda.

Naomba Rolf asijue. Ana mambo yake mengi.

Wako,
Thora Engebretsen

*

Dukani, 7 Oktoba

Mwalimu mpendwa,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama wima, nikanyoosha na shati. Miaka arobaini imepita tangu nilipochoma pazia la maabara yako na bado nikiona mwandiko wako nasubiri alama nyekundu.

Umeniuliza swali ambalo nikiulizwa sijui kunyamaza, kwa hiyo vumilia.

Ukubwa kamili ni uamuzi mzuri. Watu wanakuja hapa wanataka kabastola kadogo ka mfukoni wakidhani kadogo ni kapole. Kadogo ndiko kakali. Kanaruka mkononi kama samaki. Bastola kubwa ina uzito, na uzito unameza teke. Mpini wake ni mrefu, vidole vyote vinapata pa kukaa.

Sasa, ya chuma. Ni nzito, ni imara, na kifyatulio chake ni safi. Ila springi yake ni ngumu. Kuvuta nyuma kifuniko chake cha juu ili kuikoki kunataka kiganja chenye nguvu. Mtu aliyeishika miaka thelathini haioni shida hiyo, kwa sababu mikono yake inaijua kuliko kichwa chake kinavyoijua. Ya plastiki ni nyepesi kidogo na haina kifungo cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. Wameitengeneza makusudi kwa watu wenye vidole vinavyouma. Mama mkwe wangu anaikoki huku anazungumza.

Nilisoma swali lako kwa sauti (jina lako sikulitaja) mbele ya wazee wanaokaa kwenye jiko langu la kuni tangu nifungue mpaka nifunge. Halvor akasema plastiki ni ya kutengenezea vibakuli vya saladi, si silaha. Vern akamwambia, "Halvor, meno yako ni ya plastiki na asubuhi hii umeyaamini na kipande kizima cha nyama." Halvor akasema meno hayajawahi kumwokoa mtu. Vern akasema, "Yako yamemwokoa mkeo, maana ukiyavua huwezi kusema." Wamenuniana mpaka saa ya chakula cha mchana.

Ila, Mwalimu, hakuna anayechagua bastola kwa barua, kama vile hakuna anayechagua viatu kwa barua. Lazima uje uishike. Na kuna jambo moja sijalielewa. Umeandika kwamba inayomsumbua Merle ni nyonga tupu. Kwa hiyo bastola ni ya Merle. Lakini vidole ulivyoniuliza ni vyako. Nani ataishika?

Mwanafunzi wako,
Galen Stordahl

*

Shambani, 12 Oktoba

Galen,

Ulipokuwa na miaka kumi na sita hukuuliza maswali hata pale ulipotakiwa kuuliza. Sasa umeanza, na umeanza vibaya.

Vidole nilivyouliza ni vyangu kwa sababu mwenye kuishughulikia nitakuwa mimi. Kuna kicheche anaingia banda la kuku. Pia wiki iliyopita pikapu nisiyoijua ilisimama langoni muda mrefu kisha ikaondoka. Mwanamke mzee, mume mgonjwa, jirani wa karibu yuko mwendo wa maili kadhaa. Nadhani hiyo inatosha kwa duka lolote la silaha katika jimbo hili.

Nimekata shauri. Nataka ile ya plastiki, na kasha dogo kabisa la risasi. Siwezi kuja mjini. Nikimweka Merle garini anajaribu kushuka likiwa linakwenda, nikimwacha nyumbani sitamkuta. Najua sheria inataka mnunuzi asimame mbele yako dukani na jina lake lihakikiwe. Nakuomba uilete hapa, utie saini zako baadaye. Sijawahi kukuomba kitu.

Ili usidhani nakutungia, nikusimulie ya Jumatatu. Nilikuwa namenya viazi, Merle akanijia akiwa amevaa kofia. Akanishika kiwiko, kwa adabu kabisa, akanipeleka stoo akafunga kwa nje. Nikamwita.

"Mama," akasema, "kaa hapo mpaka hakimu afike."

"Hakimu gani, Merle?"

"Na usiniite kwa jina langu la kwanza. Hatujuani."

Nikakaa juu ya gunia la unga. Nilimsikia akitembea nyuma na mbele akinilinda. Alinitilia maji kwenye kikombe akakipitisha kwa chini ya mlango, maji yote yakamwagika, akaomba radhi. Opal alipoleta barua ndipo nikasikia Merle akimwambia, "Nina mshukiwa stoo. Si mkali, ila ni mkorofi wa maneno." Unamjua Opal. Hakucheka. Alimwambia, "Sherifu, hakimu amesema aachiwe kwa dhamana, nimetumwa mimi." Merle akafungua mlango, akanipa mkono, akaniambia nisirudie.

Nilicheka pamoja na Opal. Alipoondoka nilirudi stoo mwenyewe nikafunga mlango kwa ndani.

Niletee hiyo bastola, Galen.

T. Engebretsen

*

Dukani, 17 Oktoba

Mwalimu,

Nimeiandika barua hii nikaichana, nikaiandika tena. Ruthanne, mke wangu, ameniambia niiandike kama ninavyosema, kwa hiyo ndivyo.

Kicheche hauawi kwa bastola ya ukubwa kamili. Unamjua wewe, namjua mimi, anamjua kila mtoto aliyekulia shambani. Kicheche unamwekea mtego, au unampiga kwa bunduki ya marisau kutoka mbali sana ukishukuru upepo. Na mtu anayeogopa pikapu langoni haniombi nimfiche Rolf jambo. Anamwita.

Sitakuletea. Si kwa sababu ya leseni yangu, ingawa ningeipoteza. Nyuma ya kaunta yangu tuna jambo tulilokubaliana sote tunaouza silaha huku. Mtu akija uso wake hauko sawa, tunamuuliza waziwazi, bila kuzunguka, kwa sababu kuzunguka kunampa pa kupita. Kwa hiyo nakuuliza. Je, unakusudia kujiua?

Ukisema ndiyo, sitakuhubiria wala sitamwita mchungaji. Nitakuja tu nikae. Unajua desturi ya watu wetu. Jirani akipita kipindi kibaya, tunachukua bunduki zake tunaziweka kwenye kasha la mtu mwingine, na hakuna anayesema neno mpaka atakapozidai. Mwaka juzi kasha langu lilikuwa na za watu watano, na wote uliwafundisha. Hakuna aibu.

Lazima nikuambie na hili, hata kama utanichukia. Nimewapigia simu wenzangu wawili wenye maduka katika kaunti hii na ile ya jirani. Sikuwaambia sababu. Niliwaambia tu, Mwalimu Engebretsen akitaka silaha, mnipigie kwanza.

Kuhusu Merle nina wazo. Ninayo ile ya chuma moja iliyokwisha umri. Nimetoa pini ya ndani inayogonga risasi, nimeuziba mtutu, haiwezi kufyatua hata ukiiombea. Uzito ni ule ule. Inakokika, inafunguka, inafungika. Nitaileta Jumapili, na ala ya ngozi. Opal nimeshamweleza, na Rolf pia nitamweleza, samahani, ili asije mtu akaogopa akafanya jambo.

Nijibu swali.

Galen

*

Shambani, 20 Oktoba

Bwana Stordahl,

Jibu la swali lako ni hapana. Sikusudii kujiua, na naweza kuapa hivyo mbele ya yeyote.

Miaka thelathini na minane niliwafundisha watoto wa kaunti hii kemia na Kilatini, na sasa jina langu limetajwa katika maduka matatu kama jina la mlevi linavyotajwa baa. Usije Jumapili. Hatutakuwa na nafasi ya wageni.

T. Engebretsen

*

Dukani, 25 Oktoba

Mwalimu,

Nilikuja, unajua nilikuja, nilikuona dirishani. Kwa kuwa hukufungua mlango na sisi hatukuzungumza, nakuandikia yaliyotokea barazani, maana pazia lilikukinga nusu.

Merle alitoka akiwa na soksi tu. Akamsalimia Ruthanne kwa kuvua kofia ambayo hakuwa ameivaa. Mimi akaniuliza kama nimekuja kuripoti. Nikamwambia, "Sherifu, nimekuletea silaha yako kutoka kwa fundi."

Akaipokea. Sijui kama uliuona uso wake. Kwanza aligeuza mtutu upande wa malisho, mbali na watu. Akatoa magazini, kile kikasha cha risasi. Akaikoki, akachungulia chemba inamokaa risasi, akaikoki tena, akachungulia, akaingiza ncha ya kidole kuhakikisha. Mtu ambaye dakika moja kabla hakujua kwamba hana viatu. Kisha akaketi kwenye ngazi, akatandika leso yake, akaifungua yote. Kifuniko cha juu, springi, mtutu, kila kimoja mahali pake juu ya leso, mikono ikienda bila yeye kuitazama. Alikuwa anatazama ng'ombe. Akaifunga tena, akaitia kwenye ala, akapumua kama mtu aliyetua gunia.

"Fundi amefanya kazi ya hovyo," akaniambia. "Kuna pini imelegea."

Nikamwambia nitamkaripia.

"Usimkaripie sana," akasema. "Ana watoto."

Ruthanne alilia njia nzima ya kurudi.

Mwalimu, nimekaa nikafikiri. Hizi bastola mbili ulizoniuliza, moja ni ya mikono ya Merle na nyingine ni ya mikono yako. Ya Merle anayo sasa. Ile nyingine bado naiona kwenye barua zako zote. Umeniapia kwamba hukusudii kujiua, na hukuwahi kunidanganya hata pale ambapo uongo ungenifurahisha. Kwa hiyo nakuamini. Na bado silali.

Naomba tu uniandikie. Hata kama ni kunitukana.

Galen

*

Shambani, 5 Novemba

Galen mpendwa,

Opal yuko jikoni anakunywa kahawa na Merle. Nimemwomba anisubiri niandike barua hii, kisha aache mzunguko wake wote wa posta akuletee moja kwa moja. Ukiipata, funga duka uje. Soma kwanza yote, lakini soma upesi.

Bastola ya Merle, ile yake hasa, Rolf hakuichukua. Hakuiona. Niliificha mimi ndani ya kinanda, chini ya nyundo za sauti za chini ambazo siku hizi sizifikii. Imekuwa humo tangu Mei, na risasi zake. Kwa hiyo sikuhitaji kununua bastola. Nilihitaji bastola ambayo mikono hii ingeweza kuikoki. Hiyo ya Merle, ya chuma, nilijaribu kuikoki mwezi Septemba, nikajaribu kwa mikono yote miwili, nikaibana katikati ya magoti, ikanishinda. Ndipo nikasoma tangazo lako.

Uliniuliza kama nakusudia kujiua. Niliposoma swali hilo niliona umekosea, nikafurahi kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la sura pekee aliyoisoma. Ningeweza kujibu hapana kwa moyo mweupe. Mimi sihitaji kujiua. Nina saratani ya kongosho. Daktari wa hospitali ya Billings aliniambia mwezi Agosti kwamba nisipange mambo ya baada ya Krismasi. Nilimwambia Merle peke yake. Akasema, "Pole sana, mama. Mumeo anajua?"

Hukuuliza kuhusu Merle. Huo ndio ukweli wangu, nauandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikusudia kumuua Merle.

Nitakueleza, si ili unisamehe. Nyumba ya wazee ya mjini ilimweka siku nne mwezi wa saba, akampiga muuguzi aliyejaribu kumvua mkanda, wakamrudisha. Nyumba ya askari wa zamani ina orodha ambayo nimeambiwa kwa upole kwamba watu hufa wakiisubiri. Rolf ni mtu mwema lakini ana watoto wadogo na mke anayemwogopa Merle, na ana haki ya kumwogopa. Kinachobaki ni wodi ya wagonjwa wa akili ya jimbo, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Merle alipeleka watu kule katika kazi yake. Aliporudi hakuwa anakula. Aliniambia siku moja, tulipokuwa bado vijana, kwamba wamefungwa vitandani kwa mikanda ya ngozi na wanamwita kila anayepita kwa jina la mtu wao. Akasema, "Thora, usije ukaniacha kule." Nikamwahidi kwa wepesi, kama mtu anavyoahidi kununua mkate.

Kila asubuhi nilipoamka nilihesabu nguvu zilizobaki mwilini na kujiuliza kama zinatosha kwa kazi hiyo. Nilikuwa nampikia uji nikimtazama kisogo. Nilikuwa namkata nywele nikimtazama kisogo. Hakuna mtu aliyeniona, Galen. Watu wanaleta vyakula vya tanuri na kusema mimi ni shujaa.

Ulipoleta ile silaha tupu nilikuchukia, kwa sababu Merle alitulia. Amekuwa mpole tangu Jumapili ile. Anaifungua na kuifunga, anakagua milango, ananiaga anapokwenda kulala. Na kadiri alivyotulia, mimi nilizidi kuona kwamba huu ndio wakati, akiwa na raha, akiwa anajijua kuwa sherifu. Niliona itakuwa zawadi.

Leo baada ya kifungua kinywa nilifungua kinanda. Niliitoa bastola, nikatia magazini, hilo naliweza. Nikaanza kuvuta. Viganja viliteleza. Niliifuta kwa aproni nikavuta tena, nikawa nalia kwa hasira, si kwa huzuni, kama mtu anayeshindwa kufungua kopo. Sikumsikia akiingia.

Alisimama mbele yangu, silaha yake tupu nyongani, kofia kichwani. Nilidhani ataninyang'anya. Nilitamani aninyang'anye.

"Samahani, mama," akasema. "Springi za aina hii ni ngumu. Naomba nikusaidie."

Akaichukua mikononi mwangu. Akaelekeza mtutu dirishani, kwenye malisho. Akaikoki mara moja, bila nguvu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Akapandisha kifungo cha usalama. Kisha akaigeuza akanikabidhi, mpini ukiwa upande wangu, kama alivyowafundisha vijana wake wote kumkabidhi mtu silaha.

"Sasa iko tayari," akasema. "Uwe mwangalifu. Kuna mtu anayekusumbua nyumbani?"

Alisimama akisubiri jibu, kwa sababu ndiyo kazi yake, kusubiri mwanamke mwenye hofu aseme jina. Macho yake yalikuwa yale yale, Galen. Hakunijua, lakini angenilinda dhidi ya mtu yeyote katika dunia hii, na mtu huyo nilikuwa mimi.

"Hakuna," nikamwambia.

"Nitakaa hapa kidogo hata hivyo," akasema, akavuta kiti.

Tulikaa. Mwishowe niliirudisha bastola ndani ya kinanda nikafunga kifuniko nikakalia stuli. Yeye alikaa mpaka Opal alipopiga honi.

Sasa jambo lenyewe. Iko mle ndani, risasi chembani, na mimi siwezi kuitoa. Mikono iliyoshindwa kuikoki haiwezi kuipakua. Merle anaweza, lakini sitathubutu kuiweka tena mkononi mwake, na sithubutu kukaa nayo chumba kimoja jioni ya leo, kwa sababu sijui nitakuwa nani ikifika jioni. Opal sijamwambia. Angebaki hapa, na barua isingefika.

Njoo uichukue. Na ukija, usiniache hapa.

Thora

*

Dukani, 6 Desemba

Mwalimu mpendwa,

Muuguzi wako huko Billings amesema barua unasomewa mchana, ukiwa na nguvu. Kwa hiyo habari hii itapita kinywani mwa mtu usiyemjua, na sitaandika yale ya siku ile. Iko kwenye kasha langu, imepakuliwa. Inatosha.

Sitakudanganya kuhusu Merle. Si rahisi. Analala chumba cha nyuma ya duka, mimi na Ruthanne tunapokezana. Wiki ya kwanza alinivunja pua. Juzi alimkamata Vern kwa uzururaji, na Vern, kwa kuwa hana kazi nyingine, alikubali kufungwa karibu na jiko mpaka Halvor alipomlipia dhamana ya kipande cha keki. Siku nyingine hatucheki. Siku nyingine anaita usiku kucha na hatujui anamwita nani. Rolf anakuja kumwosha Jumatano na Jumamosi. Alilia alipojua, kisha akauliza kwa nini hukumwambia. Amepeleka barua ya daktari wako kwenye nyumba ya askari wa zamani. Wamesema labda Februari. Tutajaribu kufika Februari. Baada ya hapo sijui, na sikuahidi, ila kwenye ile wodi ya jimbo hatapelekwa wakati mimi nina chumba cha nyuma.

Asubuhi namwekea zile mbili mezani, ya chuma na ya plastiki, zote nimezitoa roho. Ya plastiki anaisukuma pembeni bila kuitazama. Ile ya chuma anaifungua na kuifunga mpaka saa ya kahawa.

Jana, akiwa anaifuta, aliniuliza ghafla, "Yule mama wa kinanda, ulishughulikia kesi yake?"

Nikamwambia nimeishughulikia.

"Alikuwa anaogopa sana," akasema. "Hakutaka kumtaja mtu. Ana wa kumtunza?"

Nikamwambia anaye. Nilimwambia yuko Billings, kwenye kitanda safi, na Alhamisi mimi na Ruthanne tunakwenda kukaa naye, na tutabaki mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye springi yake.

Usinifanye mwongo mbele ya sherifu, Mwalimu. Nisubiri mpaka Alhamisi.

Galen